Pelikani Haizimwi

Benchi letu liko mbele ya duka la donati la Mama Chantrea, ng'ambo ya barabara kutoka kiwandani, hapa Hayward. Zamani lilikuwa la kanisa moja la Wareno lililobomolewa kupisha maegesho ya magari, kwa hiyo ni gumu, mgongo wake umenyooka, na ukikaa vibaya linakusema. King'ora cha mapumziko kikilia tunavuka bila kutazama magari, maana dakika za kahawa ni chache na maneno ni mengi. Mimi nafunga maboksi. Hapa kijiweni wananiita Gundi. Kulia kwangu hukaa Mzee Medeiros, tunayemwita Kopo kwa sababu alimaliza ujana wake kwenye kiwanda cha nyanya za kopo, na kilipofungwa akaja huku kupima kompyuta kabla hazijatoka. Kushoto hukaa Duane, dereva wa foklifti ya kuinulia maboksi. Huyo ni Antena, kwa kuwa hakuna neno linalopita hewani asilidake. Na katikati, mahali ambapo hakuna mwanamume anayethubutu kukaa hata pakiwa wazi, hukaa Perlita Abueg, msimamizi wa laini ya kuunganisha. Yeye ni Bisibisi. Asubuhi hiyo ya Septemba, mwaka wa themanini na tatu, Bisibisi alikuja akakaa bila kumsalimia mtu, na kwa mwanamke yule hiyo ni hatari kuliko matusi.

— Kulikoni, dada? nikamuuliza.

— Crandall ameniita.

Crandall ndiye meneja wa uzalishaji. Ana tai fupi na sauti ndefu.

— Amekupandisha cheo? Antena akadakia.

— Ameniambia nikimaliza kahawa nirudi nikazime laini. Swichi kubwa ile ya ukutani. Halafu niwaambie wanawake wangu wavue makoti, waende nyumbani mpaka watakapoitwa.

 Kopo akageuka akamtazama.

— Laini ya Pelikani?

— Kwani tuna nyingine?

— Na kwa nini uzime wewe? Yeye hana mikono?

— Anasema wakiona mimi ndiye nimezima, hawatapiga kelele.

— Huyo mtu ana roho mbaya, bwana, nikasema. Ana roho mbaya mpaka inanuka.

Hapo lazima niingilie, maana siku hizi kila mwenye mdomo anaisema Pelikani, kompyuta yetu, vibaya. Kabla yake, kompyuta ilikuwa kitu cha kukaa mezani kama jiko, na mtu ndiye aliyeifuata. Bwana Halvorsen, mwenye kampuni, ndiye aliyesema hapana, safari hii kompyuta itamfuata mtu. Akanunua kiti cha ndege kwa wauza vyuma chakavu kule Oakland, akakiweka katikati ya karakana, akawaambia mainjinia wake: chochote mtakachochora, lazima kiingie chini ya hiki kiti. Wakachora, haikuingia. Wakapunguza kioo, haikuingia. Wakakipunguza tena mpaka kikawa kama kipande cha mkate, ndipo ikaingia, na watu wakakumbatiana kana kwamba wamezaa.

Ni kilo kumi na moja. Kibodi yake ndiyo kifuniko: unaibandika mbele ya kioo, unabana vifungo viwili, ta, ta, unashika mkono wa kubebea, unaondoka. Kuna matundu mawili ya kuingizia disketi, na mifuko miwili chini yake ya kutunzia disketi nyingine. Programu ya kuandikia barua na ya kupigia mahesabu zinakuja humo humo, hununui pembeni. Kioo ni kidogo, sikatai. Mstari mrefu haukai wote, inabidi uusogeze kwa vidole uone mwisho wake. Na ukiibeba, mkono mmoja ukichoka unahamishia wa pili, wa pili ukichoka unajifanya umesimama kumsalimia mtu. Lakini inabebeka! Sisi tuliitengeneza ikabebeka, na wote waliocheka mwaka ule leo wanatengeneza za kwao.

— Kosa ni lile la hotelini, Antena akasema. Nyie hamjui kilichotokea. Mimi nilikuwepo.

— Ulipeleka viti, Kopo akasema.

— Nilipeleka viti, nikabaki mlangoni. Halvorsen kawaita waandishi wa habari, kafunga mlango, kafunua kitambaa. Hii hapa Pelikani Mpya! Kioo kikubwa, kasi mara mbili. Halafu akawaambia, jamani, iwe siri yetu mpaka itakapokuwa tayari.

Mama Chantrea alikuwa anatuongezea kahawa. Akasimamisha birika hewani.

— Aliwaambia nani iwe siri?

— Waandishi wa habari.

— Waandishi wa habari?

— Ndio hao hao, mama.

Akatikisa kichwa, akaenda kugeuza donati zake kwenye mafuta.

Tangu siku ile simu za maduka zilibadilika lugha. Zamani walikuwa wakipiga kuuliza mzigo utafika lini. Sasa wanapiga kusema usije. Wateja wao wanasubiri Mpya. Ya sasa imejaa ghalani mpaka foklifti ya Antena haina pa kugeukia, na mimi nilikuwa nafunga boksi mojamoja ili gundi isikauke.

— Mimi nasema siyo hoteli, Kopo akaanza. Hiyo ya hoteli ni danganya toto. Ni miwani.

— Miwani gani tena, mzee?

— Kioo kidogo. Watu wanakaza macho, wanakwenda kupimwa, wananunua miwani. Wenye miwani walikuwa wanatajirika kwa mgongo wetu. Sasa Halvorsen katangaza kioo kikubwa. Unadhani watakaa kimya? Wamepita duka kwa duka, wamewahonga wenye maduka wasiuze Pelikani yoyote, ya sasa wala ya kesho.

— Kwa hiyo tunafungiwa kazi na watu wa miwani, nikasema.

— Wewe cheka. Mkwe wangu anauza miwani. Juzi kanunua boti.

— Boti ndiyo ushahidi?

— Ina injini mbili!

Antena alikuwa anatapatapa kwa hamu ya kusema.

— Miwani kitu gani! Mambo haya ni makubwa. Hii ni ya Warusi.

— Haya, wamefika Warusi, nikasema. Sogeeni wapate pa kukaa.

— Ngoja kwanza, Gundi. Kilo kumi na moja, sivyo? Mtu anabeba kila siku kwa mkono mmoja. Mwaka wa kwanza bega limeshuka. Mwaka wa tano uti wa mgongo umepinda. Sasa chukua mabosi wote, wanasheria wote, maofisa wote wa jeshi, wamepinda upande mmoja nchi nzima. Wakiambiwa kulia geuka wanaanguka. Nani atapigana vita hapo?

— Subiri, Kopo akamkata. Kama ni hivyo, Warusi wangetaka tuuze nyingi. Mbona sasa tunafungwa?

 Antena akauma donati, akatafuna, akapata jibu.

— Washington wameshtukia.

Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Hata Kopo alicheka, na Kopo huwa anacheka mara moja kwa msimu. Perlita hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa kiwanda.

Mama Chantrea akarudi na sahani.

— Nyie wote hamna akili. Tatizo ni jina. Pelikani ni ndege gani? Anameza samaki mzima bila kutafuna. Kampuni imekula haraka, imekabwa. Mngeiita Kuku. Kuku anadonoa kidogo kidogo.

— Mama, nani atanunua kompyuta inaitwa Kuku? Antena akamuuliza.

— Na hiyo unayokula inaitwaje?

Antena akaitazama donati yake. Hapa kwetu aina ile inaitwa makucha ya dubu.

— Makucha ya dubu, akasema kwa sauti ndogo.

— Na umekula mbili. Usinifundishe biashara.

Na mimi nina langu, siwezi kukaa tu nikisikiliza uongo wa wenzangu bila kuchangia.

— Tatizo ni kwamba ni nzima mno, nikasema. Haiharibiki. Mteja akishanunua, hana sababu ya kurudi. Kopo, wewe umeiangusha kutoka mezani mara ngapi?

— Mara moja kwa makusudi, kuipima. Nyingine zilikuwa bahati mbaya.

— Ikawaka?

— Mara zote iliwaka. Mara moja meza ndiyo iliyovunjika.

— Si mnaona! Halvorsen kakaa usiku akapiga hesabu, kaona watu watazikwa na Pelikani zao. Akaamua kutengeneza Mpya iwe mbovu kidogo. Sasa mainjinia wanahangaika miezi, hawajui kutengeneza mbovu. Ndiyo maana inachelewa.

— Hiyo nayo imezidi, Antena akasema.

— Imezidi Warusi?

— Mmemaliza? Perlita akauliza.

Hakupandisha sauti. Yeye hata kwenye laini hapandishi sauti. Wanawake wake husikia hatua zake tu wakajua kama siku ni nzuri.

— Nauliza, mmemaliza? Mnakaa hapa mnaongea utadhani mko matangani. Nani kafa? Kile chumba cha kukesha kina Pelikani zimewashwa tangu juzi, ile iliyo dhaifu ijulikane kabla haijamfikia mtu. Nimepita asubuhi nikazitazama moja moja. Hakuna hata moja iliyozimika. Hiyo ni maiti gani inayokesha macho wazi?

— Hakuna aliyesema imekufa, dada, nikajitetea.

— Crandall kasema. Kasema kwa kinywa chake: ile ni mashine ya jana. Mashine ya jana! Nilikuwepo ilipokuwa ya mbao na nyaya zinaning'inia. Vifungo vilikuwa vinakatika, kibodi inamdondokea mtu mguuni barabarani. Tukakaa mimi na wanawake wangu, tukafungua na kufunga mpaka vidole vikatoka damu, mpaka tukapata kifungo kisichokatika. Hiyo si ya jana. Watu wanaibeba leo.

— Lakini utaizima, Kopo akasema.

Nilimtazama yule mzee nikatamani kumpiga kiwiko. Kuna maneno mtu humeza.

— Nani kakwambia nitaizima?

— Kule kiwanda cha nyanya laini ulizima wewe.

Antena akashusha kikombe. Mama Chantrea aliyekuwa anafuta dirisha akaacha kufuta. Jambo lile tulilijua wote, maana nusu ya wanawake wa laini ya Perlita alikuja nao kutoka kule, lakini hakuna aliyewahi kulitaja pale benchini mbele yake.

— Ndiyo, Perlita akasema. Nilizima mimi. Waliniita ofisini wakaniambia, wakikuona wewe hawatapiga kelele. Maneno yale yale, mzee, kana kwamba mameneja wote wanasoma shule moja. Na kweli hawakupiga kelele. Walivua kofia zao wakazikunja, wakapita mbele yangu mmoja mmoja, wananiambia asante dada. Asante! Nilimtafuta hata mmoja anitukane, hakuna. Asante ile naisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

— Na mimi nilipita mbele yako siku ile, Kopo akasema.

— Najua. Na wewe ulisema asante.

Kopo akainama. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kuomba radhi, lakini wanaume wa umri wake neno hilo huwa wameliweka mbali sana, kulifikia ni kazi.

— Basi sikiliza, Antena akasema, safari hii bila utani. Mimi naleta foklifti naiegesha mbele ya ile swichi. Nashuka. Ufunguo umepotea. Nani ataisukuma?

— Watakufukuza na wewe.

— Wanifukuze na foklifti yao.

— Sema unaumwa, nikamshauri. Nenda nyumbani. Azime mwenyewe.

— Halafu mimi nijifunike shuka wakati wanawake wangu wanatolewa? Gundi, hebu jaribu kufikiri kabla hujafungua mdomo. Nikikataa, Crandall ananifukuza kabla ya mchana, na ana haki ya kunifukuza. Nikikubali, watapita tena mbele yangu wale wale. Mimi sina njia ya tatu. Mngekuwa nayo mngeshaniambia, badala ya kuniletea Warusi na boti.

 Mama Chantrea akaja akasimama nyuma ya Perlita, akamwekea mkono begani. Si kawaida yake. Yeye hutugusa tu akitaka tuinue miguu afagie.

— Mimi nilikimbia vita kwetu na mtoto mgongoni na sufuria moja, akasema. Kila niliyekutana naye njiani aliniambia, mama, rudi, imekwisha. Niliwaambia imekwisha kwenu. Kwangu haijakwisha.

— Na ulifanya nini? Perlita akamuuliza.

— Nilitembea.

Wakati huo gari la mzigo, limejaa matope, likaja likasimama karibu na benchi. Nyuma lilikuwa na masanduku meupe ya mbao, matupu, na nyuki kama watano hivi waliokataa kuachwa. Mmoja akaja kumchungulia Antena, na Antena, mtu aliyekuwa tayari kupambana na kampuni nzima, akaruka juu ya benchi kwa miguu yote miwili.

— Usimpige! mwanamke akapaza sauti akishuka. Ukimpiga atakuuma. Kaa tuli tu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kofia pana, mikono imeungua jua. Akaomba kahawa. Mama Chantrea akaliinamisha birika mpaka likalia tupu. Kikapatikana nusu kikombe.

— Ndiyo ya mwisho, dada. Hii hulipi.

— Asante. Naitwa Loretta Quist, natoka Modesto, nafuga nyuki. Nyie ni watu wa hapo ng'ambo?

— Ndio sisi, nikasema kwa majivuno. Sijui yalitoka wapi.

— Afadhali. Mimi nakodisha mizinga kwa wenye mashamba ya lozi, nyuki wachavushe maua. Leo shamba hili, kesho lile, bonde zima. Nyuki wangu hawakai sehemu moja, na mimi sikai. Naandika kwa chaki juu ya mfuniko mzinga huu umetoka wapi, una malkia wa mwaka gani. Mvua ikinyesha, kwaheri. Mwaka jana nilirudisha mizinga ya watu nikaacha ya kwangu. Nikasikia kuna kompyuta mtu anaibeba mwenyewe.

— Na umeme huko mashambani? Kopo akamuuliza. Hii lazima uichomeke.

— Kila shamba lina banda la pampu, mzee. Umeme si shida. Shida ni kuipata. Nimekwenda duka la Stockton, nimekwenda la Oakland. Nikisema nipeni Pelikani, wananiambia hiyo usinunue, imepitwa, subiri Mpya. Nikasema haya, nipeni Mpya. Wanasema bado haipo. Nikauliza itakuwepo lini, wananitazama. Lozi zikichanua hazimsubiri mtu. Nikaona nije kiwandani kwenyewe.

Akanywa kahawa yake, akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, kwa macho ya mtu aliyezoea kuulizwa na yeye kuuliza moja kwa moja.

— Sasa nyie mnaozitengeneza, hebu niambieni. Leo mnauza ipi?

Kopo akafungua mdomo. Nikamsubiri. Akaufunga. Antena alishuka kwenye benchi polepole, akakaa, akaanza kusoma maandishi ya kikombe chake. Mimi nilikuwa na jibu, naapa nilikuwa nalo kooni, ila kila nilipotaka kulitoa niliona halina mwisho. Ya sasa? Tumeambiwa tuizime. Mpya? Hakuna kati yetu aliyeiona, isipokuwa Antena kupitia upenyo wa mlango. Kijiwe kizima, chenye majibu ya Urusi na ya macho ya watu, kilikaa mbele ya mfuga nyuki mmoja kikiwa bubu. Nikaona aibu, na aibu ile ikageuka hasira, maana haikuwa aibu yetu.

Perlita akasimama. Alikuwa mfupi hata akisimama, lakini sisi wote tukasimama naye.

— Dada Loretta, mikono yako ina nguvu?

— Nabeba mizinga iliyojaa asali.

— Basi njoo.

King'ora kikalia. Tukavuka barabara, Perlita mbele, mama wa nyuki nyuma yake, sisi tukifuata, na Mama Chantrea akasimama mlangoni pake na aproni yake, ameacha donati zinaungua kwenye mafuta. Crandall alikuwa kwenye mlango wa kiwanda, amekunja mikono ya shati. Ndani laini ilikuwa bado inanguruma.

— Umechelewa, akamwambia Perlita. Nenda kazime.

— Siwezi, Perlita akasema bila kupunguza mwendo. Nina mteja.

— Mteja? Perlita, sisi hatuuzi...



— Hamuuzi nini? mama wa nyuki akamuuliza kwa adabu kabisa.

Crandall akamtazama yeye, akatutazama sisi, akatazama tai yake. Tulisubiri. Mimi ningesubiri mpaka jioni. Perlita alikuwa ameshampita, yuko ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia amepandisha sauti, juu ya mngurumo wote ule:

— Akina mama! Mnunuzi yuko mlangoni! Nani ana Pelikani ya kumalizia?

Mikono ikainuka laini nzima.